Mahatma: maana ya neno hili, lilikotoka na namna ya kulitumia

Kila mwaka inapofika tarehe 2 Oktoba, vituo vingi vya redio hutaja jina la Mahatma Gandhi. Hiyo ndiyo siku aliyozaliwa, na mwaka 2007 Umoja wa Mataifa uliitangaza kuwa siku ya kimataifa ya kupinga matumizi ya nguvu. Sisi nasi huitaja, na kila tukiitaja tunapokea ujumbe wa wasikilizaji. Maswali ni yale yale: Mahatma ndilo jina lake la kwanza? Alipewa na nani? Indira Gandhi ni binti yake? Na kwa nini kuna Waafrika wasiotaka kumwita hivyo?

Makala hii inajibu maswali hayo moja baada ya jingine. Unaweza kuihifadhi kwenye simu yako na kumtumia mwenzako.

Jibu kwa ufupi

Mahatma si jina la mtu. Ni jina la heshima, kama tunavyosema Mwalimu Nyerere au Mzee Kenyatta. Hakuna mzazi aliyempa Nyerere jina la Mwalimu. Wazazi wake walimwita Kambarage, alipobatizwa akaitwa Julius, na alipofanya kazi ya ualimu watu wakamwita Mwalimu hadi neno hilo likawa kama sehemu ya jina lake.

Gandhi naye ni hivyo hivyo. Majina yake kamili ni Mohandas Karamchand Gandhi. Mohandas ni jina lake mwenyewe, Karamchand ni jina la baba yake, na Gandhi ni jina la ukoo. Huo ndio utaratibu wa Wagujarati, nasi tunaujua vizuri: jina lako, la baba, kisha la ukoo. Alizaliwa mwaka 1869 katika mji wa bandari wa Porbandar, magharibi mwa India, na aliuawa kwa risasi New Delhi tarehe 30 Januari 1948.

Neno lenyewe lina maana gani?

Mahatma ni neno la Kisanskriti, lugha ya kale ya India ambayo maandiko mengi matakatifu ya Wahindu yameandikwa kwayo. Limeundwa kwa maneno mawili.

La kwanza ni maha, yaani kubwa au kuu. Neno hili huenda umeshalisikia bila kujua. Raja ni mfalme, na maharaja ni mfalme mkuu. Maharashtra, jimbo ambalo mji wa Mumbai upo, nalo limeanza na maha hiyo hiyo.

La pili ni atma, yaani roho au nafsi. Katika mafundisho ya Kihindu, atma si pumzi tu wala si akili tu. Ni ile nafsi ya ndani kabisa, ambayo mwili ukifa yenyewe haifi.

Ukiyaunganisha unapata mahatma, yaani mwenye roho kuu. Hapa tuwe waangalifu. Mahatma si nabii wala si mungu, na si mtakatifu kwa maana wanayoitumia Wakatoliki, ambao wana utaratibu maalumu wa kumtangaza mtu kuwa mtakatifu. Hakuna baraza linalokaa na kutoa cheo cha mahatma, wala hakuna cheti chake. Ni watu wanaoanza kumwita mtu hivyo, na wengine wakikubali, jina linashika.

Kulitamka, vuta silabi ya katikati: ma-haat-ma. Herufi "t" inafungwa pamoja na silabi hiyo. Usiseme "mahatima", ingawa ulimi wetu wa Kiswahili hupenda kuongeza irabu hapo.

Neno hili ni la kale kuliko Gandhi. Limo katika Bhagavad Gita, kitabu kinachoheshimiwa sana na Wahindu, kilichotungwa karne nyingi kabla yake. Humo linatumika kwa watu waliokomaa kiroho, walioshinda tamaa za nafsi zao.

Je, ni Gandhi peke yake aliyeitwa Mahatma?

Hapana. Na hapa ndipo wengi hushangaa.

Mtu mmoja ni Jyotirao Phule wa Maharashtra, aliyezaliwa mwaka 1827. Ukoo wake ulikuwa wa watu wa bustani na maua, tabaka lililodharauliwa na makuhani. Mwaka 1848, yeye na mkewe Savitribai walifungua shule ya wasichana mjini Pune, wakati ambapo kumpeleka binti shule kulionekana kama kuvunja mila. Mwaka 1888 watu walikusanyika Mumbai, wakati huo ukiitwa Bombay, wakampa jina la Mahatma. Mwaka huo huo Gandhi alikuwa kijana tu, anapanda meli kwenda London kusoma sheria.

Mwingine ni Ayyankali wa Kerala, kusini mwa India, aliyezaliwa mwaka 1863 katika jamii iliyoitwa isiyoguswa. Watu wa jamii yake hawakuruhusiwa kupita barabara za watu wa tabaka la juu. Mwaka 1893 alipanda gari lake la ng'ombe na kupita nalo barabarani mchana kweupe. Kwetu kukokotwa na ng'ombe ni jambo la kawaida, lakini kwake lilikuwa tendo la kuhatarisha maisha. Hadi leo watu wengi wa Kerala humwita Mahatma Ayyankali.

Kwa hiyo jina hili halikutengenezwa kwa ajili ya Gandhi. Yeye ni aliyejulikana zaidi tu kati ya waliopewa.

Gandhi alilipata lini, na kwa nani?

Mwaka huo huo wa 1893, Gandhi alipanda meli kwenda Afrika Kusini kufanya kazi ya uwakili. Njiani alipita pwani yetu. Katika kitabu cha maisha yake ameeleza kwamba meli ilitia nanga Lamu, kisha Mombasa, kisha Zanzibar, ambako alikaa siku kadhaa akingoja meli nyingine. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 23. Hakuna aliyemwita Mahatma. Alikuwa wakili mchanga anayetafuta riziki.

Afrika Kusini alikaa, pamoja na safari za kwenda na kurudi, hadi mwaka 1914. Huko aliongoza Wahindi kupinga sheria za kibaguzi dhidi yao, nao walimwita bhai, yaani ndugu.

Alirudi India Januari 1915. Vitabu vingi vya shule nchini India vinasema aliyempa jina la Mahatma ni Rabindranath Tagore, mshairi wa Bengal aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1913. Gandhi naye alimwita Tagore Gurudev, yaani mwalimu anayestahili heshima ya kimungu. Lakini watu wa Gujarat wana simulizi yao: wanasema mji mdogo wa Jetpur ndio uliotangulia, katika hafla ya kumkaribisha mwezi huo huo wa Januari 1915. Pia ipo barua ya mwaka 1909 ambamo rafiki yake, Pranjivan Mehta, alishatumia neno hilo kumwelezea.

Mabishano hayo hayajawahi kuisha kabisa. Mwaka 2016 yalifika hadi Mahakama Kuu ya Gujarat, baada ya swali hilo kutolewa kwenye mtihani wa kuomba kazi serikalini. Linaloonekana wazi ni kwamba neno lilitoka midomoni mwa watu wengi, kila mmoja kwa wakati wake, na kuanzia mwaka 1915 likaenea kote.

Mwenyewe alilipokeaje?

Hakulipenda. Mwanzoni mwa kitabu cha maisha yake, kilichoanza kuchapishwa kwa sehemu mwaka 1925, aliandika kwamba jina hilo limemuumiza mara nyingi, na kwamba hakumbuki wakati ambao lilimfurahisha.

Ukisoma habari za wakati ule unaelewa sababu. Februari 1921 Gandhi alihutubia mkutano mjini Gorakhpur, kaskazini mwa India. Wakulima wengi walitembea kwa miguu kutoka vijijini kwenda kumwona. Baada ya hapo uvumi ulienea kijiji hadi kijiji. Ilisemwa kwamba aliyemkejeli Mahatma alipatwa na msiba, kwamba mali iliyopotea ilirudi baada ya kutaja jina lake, na kwamba kisima fulani kilifuka moshi wenye harufu nzuri. Magazeti ya eneo hilo yaliandika simulizi hizo. Wakulima hawakuwa wanazungumzia siasa za Chama cha Congress. Walimchukulia kama mtu mwenye nguvu za miujiza, kwa sababu katika mazingira yao neno mahatma lilikuwa na uzito huo.

Mwaka mmoja baadaye, Februari 1922, katika mji mdogo wa Chauri Chaura, wilaya hiyo hiyo ya Gorakhpur, polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji. Umati ukawageukia polisi, ukachoma kituo chao, na polisi zaidi ya 20 wakafa. Umati huo ulikuwa ukipaza sauti kumtukuza Mahatma Gandhi.

Tafakari hilo, msikilizaji. Mtu anayehubiri kutomwaga damu, halafu damu inamwagwa kwa kelele za jina lake la heshima. Gandhi alisimamisha maandamano nchi nzima na kufunga kula kwa siku 5. Viongozi wenzake wengi walikasirika, wakiona amerudisha nyuma harakati. Mahakama ya wakoloni iliwahukumu kifo watu 172. Baada ya rufaa, 19 walinyongwa.

Kwa nini wengine walikataa kulitumia?

Kwa kuwa jina hili hutolewa na watu, watu wanaweza pia kulikataa. Na waliokataa hawakuwa watu wadogo.

Mmoja ni Muhammad Ali Jinnah, ambaye baadaye aliasisi Pakistan. Desemba 1920, katika mkutano wa Congress mjini Nagpur, alisimama kupinga mpango wa Gandhi, akamtaja kama Bwana Gandhi. Ukumbi ulilipuka kwa kelele, wajumbe wakimtaka aseme Mahatma. Hakufanya hivyo, na baada ya mkutano huo aliachana na Congress. Jinnah mwenyewe baadaye alipewa na wafuasi wake jina la heshima la Quaid-i-Azam, yaani Kiongozi Mkuu.

Mwingine ni B. R. Ambedkar, mwanasheria aliyezaliwa katika jamii ya wasioguswa, na aliyekuwa mwenyekiti wa kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India. Mwaka 1932 serikali ya Uingereza ilikubali jamii yake ichague wawakilishi wake kwa kura za peke yake. Gandhi, akiwa gerezani, aliona jambo hilo litawagawa Wahindu, akaanza kufunga kula hadi kufa. Ambedkar alibanwa pande zote: Gandhi akifa, hasira ingewashukia watu wake vijijini. Akatia saini mapatano mengine, yaliyoitwa Mapatano ya Poona. Jamii yake ilipata viti vingi zaidi, lakini ikapoteza kura ya peke yake. Mwaka 1955, akihojiwa na redio ya BBC, Ambedkar alisema hajawahi kumwita Gandhi Mahatma na kwamba hastahili jina hilo.

Na hapa Afrika? Wapo wanaomheshimu sana. Nelson Mandela alimtaja mara nyingi kama mtu aliyemfunza. Mwaka 1948 sehemu ya majivu yake ilimwagwa katika Mto Nile huko Jinja, Uganda, na sanamu yake ipo hapo. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi kuna jengo lenye jina lake, na sanamu iliyozinduliwa mwaka 1956.

Lakini wapo pia wanaosema hapana. Katika miaka yake ya mwanzo Afrika Kusini, Gandhi aliandika maneno ya dharau kuhusu Waafrika weusi, akilalamika kwamba Wahindi wanawekwa daraja moja nao. Maandishi hayo yapo na yamechapishwa. Mwaka 2016 sanamu yake iliwekwa Chuo Kikuu cha Ghana. Wahadhiri na wanafunzi wakapinga, na Desemba 2018 ikaondolewa. Mwaka huo huo mahakama mjini Blantyre, Malawi, ilisimamisha ujenzi wa sanamu yake. Wanaomtetea husema alibadilika kadiri alivyokua, na kwamba mapambano yake yaliwapa moyo Waafrika waliodai uhuru. Wanaompinga hujibu kwamba ukimwita mtu mwenye roho kuu, huwezi kuficha alichosema juu ya jirani yake.

Kwa hiyo ukimsikia mtu akisema Gandhi bila Mahatma, usikimbilie kudhani hana adabu. Huenda amechagua kwa makusudi.

Majina yake mengine

Gandhiji ni jina la ukoo lililoongezewa -ji mwishoni. Katika lugha za kaskazini mwa India, -ji huongezwa kwenye jina la mtu yeyote kuonyesha heshima. Unaweza kumwambia hivyo hata muuza duka wako.

Bapu maana yake ni baba. Ni jina la mapenzi zaidi kuliko la cheo, na wengi wa waliokuwa karibu naye walimwita hivyo.

Baba wa Taifa ni jina tunalolielewa bila kufafanuliwa. Subhas Chandra Bose, mwanasiasa aliyehitilafiana na Gandhi kuhusu kutumia silaha, alimwita hivyo katika matangazo ya redio mwaka 1944. Hata hivyo si cheo cha kisheria. Ibara ya 18 ya Katiba ya India inaikataza serikali kutoa vyeo, isipokuwa vya kijeshi na vya kitaaluma.

Na Indira Gandhi? Hakuwa binti yake wala ndugu yake. Alikuwa binti wa Jawaharlal Nehru, waziri mkuu wa kwanza wa India. Jina la Gandhi alilipata kwa mumewe, Feroze Gandhi, ambaye naye hakuwa wa ukoo wa Mahatma. Ni majina kufanana tu.

Majina mengine ya heshima yanayotoka Kisanskriti

Shri, ambalo pia huandikwa Shree, hutumika kama Bwana. Shrimati ni Bibi, kwa mwanamke aliyeolewa. Shri hutangulia pia majina ya miungu na ya taasisi. Aliyewahi kutibiwa Hospitali ya Hindu Mandal, Dar es Salaam, huenda ameona imeandikwa Shree Hindu Mandal.

Pandit ni msomi, hasa wa maandiko. Nehru aliitwa Pandit Nehru.

Swami ni mtawa wa Kihindu aliyeacha mambo ya dunia, kwa mfano Swami Vivekananda.

Guru ni mwalimu, hasa wa mambo ya kiroho. Acharya pia ni mwalimu, hasa anayefundisha kwa maneno na kwa mwenendo wake.

Tofauti ni hii: Shri unaweza kumpa mtu yeyote. Pandit na Swami hufuata elimu au maisha ya mtu. Mahatma hufuata hukumu ya watu juu ya roho ya mwenzao, na ndiyo maana hubishaniwa.

Namna ya kulitumia kwa usahihi

Ukiandika insha au kujibu mtihani, na swali linataka majina kamili, andika Mohandas Karamchand Gandhi. Usiandike Mahatma kama jina la kwanza.

Usiseme "Bwana Mahatma Gandhi". Ni kuweka heshima mbili mahali pamoja.

Ukisema Mahatma peke yake, bila Gandhi, wasikilizaji wengi wataelewa unayemsema. Ila ukizungumza na mtu wa Maharashtra au Kerala, taja jina lote, maana huenda yeye anamfikiria Phule au Ayyankali.

Usimpe kiongozi wako neno hilo kwa kumsifu tu jukwaani. Si sawa na "mheshimiwa", ambalo huja na kiti na huondoka na kiti. Gandhi hakuwahi kushika wadhifa wowote wa serikali.

Kituo chetu hutumia Mahatma Gandhi kwa sababu ndivyo wasikilizaji wengi wanavyomjua. Mgeni wetu studioni akipenda kusema Gandhi tu, hatumkatizi wala hatumsahihishi. Jina hili lilitoka kwa watu, na kila mtu ana haki ya kulitoa au kulizuia.